Ameanguka, Ameangushwa, Amejiangusha

Kiswahili humpa mtangazaji wa mpira vitenzi vitatu kwa jambo moja. Mshambuliaji yu mbioni katika eneo la hatari, beki yu kando yake, mara mtu yu chini. Mtangazaji aweza kusema ameanguka, aweza kusema ameangushwa, aweza kusema amejiangusha. Shina la maneno yote matatu ni moja, na kila moja hutamkwa kwa pumzi ile ile fupi. Lakini la kwanza ni habari tu. La pili ni shtaka juu ya beki. La tatu ni hukumu juu ya aliyelala majanini. Mwamuzi hajapuliza kipyenga bado, na kesi imekwisha katwa kwa silabi moja iliyoongezwa mwanzoni au mwishoni mwa kitenzi.

Jambo hili lawastahili wahakiki wa lugha. Utangazaji wa mpira ni fani ya masimulizi kama zilivyo fani nyingine, ina istilahi yake, mizaha yake na mafundi wake, nayo yasikilizwa na watu wengi wasiofungua kitabu cha hadithi kwa mwaka mzima. Hata hivyo uhakiki wake ni haba. Maamuzi ya refa hujadiliwa kwa ukali barazani na vijiweni. Neno la mtangazaji, lililomfikia msikilizaji kabla ya uamuzi wenyewe, huachwa lipite kama kioo cha dirisha ambacho hakuna anayekitazama.

Ili kupima uzito wa neno hilo, yafaa kumweka msikilizaji mahali. Ngombezi, jirani na mji wa Korogwe, ni nchi ya mkonge, kandokando ya reli itokayo Tanga kwenda Moshi. Reli hiyo ilifika Korogwe mwaka 1902. Mkonge wenyewe uliletwa pwani na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na baada ya miaka si mingi ukatanda katika nchi za Wazigua, Wabondei na Wasambaa. Mashamba yakavuta vibarua kutoka mbali, wale walioitwa manamba kwa sababu kila mmoja alikuwa na nambari yake. Watu ambao lugha za mama zao hazikuelewana walikutana katika Kiswahili, wakakutana pia katika mpira. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika mwaka 1951, na Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Kwa hiyo kwa miaka zaidi ya 40 mtu wa Ngombezi aliyetaka kujua yaliyotukia katika viwanja vya Dar es Salaam, au hata Mkwakwani mjini Tanga, mwendo wa kilometa 100 hivi tu, aliona kwa masikio. Coastal Union ilipotwaa ubingwa wa ligi ya Bara mwaka 1988, ubingwa huo uliingia katika kambi za wakata mkonge kwa njia ya redio.

Kwa msikilizaji wa namna hiyo kitenzi kilikuwa ndiyo kamera. Akiambiwa kwamba mshambuliaji wa timu yake ameangushwa, kisha akaambiwa kwamba mwamuzi anaashiria mpira uendelee, hakusikia mambo mawili yanayoweza kupingana. Alisikia kwamba timu yake imeibiwa. Hakuona mguu wa beki, hakuona mpira, hakuona refa alikuwa amesimama wapi. Lakini kesho yake shambani alikuwa tayari kuapa. Chuki juu ya waamuzi, ambayo mara nyingi imewafanya watoke uwanjani wakiwa wamezungukwa na askari, haikupandwa na makosa yao peke yake. Sehemu yake ilipandwa na viambishi.

Pengine itasemwa kwamba hapa kosa dogo la sarufi limebebeshwa mzigo mkubwa. Lakini tazama tofauti iliyopo baina ya maneno yenyewe. Kiambishi ji- hakithibitishi kusudi daima: aliyejikwaa hakutaka kujikwaa, na mpishi aliyejikata kwa kisu hakuwa na ugomvi na kidole chake. Kusudi mara nyingi huingia pale ji- inapokutana na kitenzi cha kutendesha. Kuangusha ni kufanya kitu kianguke. Kujiangusha ni kujifanyia tendo hilo kwa kutaka. Ndiyo maana amejiangusha halina nafasi ya kutia shaka. Anayelisema adai ameingia moyoni mwa mtu aliye mita 50 mbali naye, akarudi na habari, na yote hayo kabla vumbi halijatulia.

Na istilahi iliyolizunguka neno hilo yazidi kulitia uzito. Kosa la kumchezea mtu vibaya, ambalo wengine waliita rafu na wengine faulo, watangazaji wameliita madhambi, neno la msikitini na kanisani. Malipo ya madhambi ni mpira wa adhabu. Mchezaji aliyewatangulia mabeki ameotea, kama mwindaji kichakani. Neno lililo pole kuliko yote katika kundi hili ni lile la mwenye kipyenga mwenyewe. Kuamua, katika matumizi yake ya nyumbani, ni kutoa shauri la mwisho, lakini pia ni kuwatenga watu wanaopigana: mtu huamua ugomvi kwa kuingia katikati. Mwamuzi basi ni mtu wa kati kabla ya kuwa hakimu. Mtangazaji amempa madhambi ya kuhukumu na adhabu ya kutoa, kisha akashangaa kwamba watu wamdai ujuzi wa malaika.

Sheria ya mpira haimdai ujuzi huo, au humdai kidogo sana. Sheria ya 12 yataka mwamuzi atazame namna ya tendo: je, aliyemwendea mwenzake alifanya hivyo kwa uzembe, kwa kutojali hatari, au kwa nguvu ya kupita kiasi? Kugusana peke yake si kosa, maana mpira ni mchezo wa miili. Tena kukosekana kwa mguso hakumwokoi mtu daima, kwa kuwa kujaribu kupiga teke au kujaribu kupiga ngwala ni kosa hata kama mguu umepita hewani. Mshambuliaji aliyeruka ili mguu wa beki usimvunje, kisha akaanguka kwa kupoteza mizani, hakuguswa, wala hakujiangusha. Swali linalopigiwa kelele zaidi kuliko yote, "Aliguswa hakuguswa?", ni swali ambalo sheria haikuliuliza kwa namna hiyo. Ni swali la mashabiki, na watangazaji wamelilea.

Iko sehemu ambapo mwamuzi hutumwa kupima nia. Tangu mwaka 1999 sheria zimetaja wazi kwamba mchezaji anayejifanya ametendewa kosa, au anayejifanya ameumia, ili kumdanganya mwamuzi, astahili kadi ya njano. Hapo ndipo ugumu ulipo, na hapo ndipo vitenzi vitatu vya Kiswahili hupungua. Maana wengi wa hao wanaolaumiwa hawakuanguka bure. Waliguswa, pengine waliumizwa, kisha wakaongeza. Kwa jambo hilo Kiswahili hakina kitenzi kimoja cha uwanjani, lakini kina usemi wa jikoni ulio bora kuliko kitenzi: wametia chumvi. Chumvi haitiwi katika chungu kitupu. Asemaye kwamba mtu ametia chumvi amekwisha kukubali kwamba chakula kilikuwapo.

Watu wa mkonge wangeuelewa usemi huo bila kufundishwa. Katika mashamba kazi ilihesabiwa: majani yalifungwa mafungu ya majani 30, mafungu yakahesabiwa, na siku iliyotimia ikaandikwa katika kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Nyapara ndiye aliyeona kama kazi imetimia au haikutimia. Mtu aliyesema anaumwa, ilibidi mtu mwingine aamue kama ni mgonjwa au anategea. Kutegea nako kumetoka katika tega, tega ile ile ya mtego na ya mguu uliowekwa mbele ya mkimbiaji. Mbele ya mwamuzi wa namna hiyo, ambaye hukubali maumivu yanayoonekana tu, hata mgonjwa wa kweli hujifunza kukunja uso zaidi ya kadiri. Hadanganyi juu ya ugonjwa. Adanganya juu ya kipimo chake, kwa kuwa kipimo cha kweli hakikumfaa jana.

Mpira una habari hiyo hiyo, na waamuzi wana fungu lao katika lawama. Mchezaji aliyevutwa jezi akabaki amesimama, akapoteza hatua mbili na mpira ukamponyoka, mara nyingi hapati kitu. Mwenzake aliyevutwa vivyo hivyo akaanguka kwa mayowe hupewa penalti. Kijana wa miaka 15 akitazama hayo mara 10, amefundishwa somo ambalo hakuna kocha aliyelitamka. Ni rahisi kumkemea aanguke kwa adabu. Ni vigumu zaidi kumtaka mwamuzi aliadhibu kosa lililotendwa juu ya mtu aliyebaki wima, maana kufanya hivyo humtaka aone jambo ambalo uwanja mzima haukuliona.

Tarehe 20 Juni 2010, mjini Johannesburg, Brazil ilicheza na Côte d'Ivoire katika Kombe la Dunia. Dakika za mwisho Kader Keïta alimwendea Kaká, akagongana na mkono wake kifuani, kisha akaanguka ameshika uso. Kaká akapewa kadi ya njano ya pili, akatoka. Je, Keïta aliguswa? Ndiyo. Je, aliguswa usoni? Hapana. Amejiangusha si neno la haki hapo, wala ameangushwa. Kifua kilikuwa chakula na uso ulikuwa chumvi, na adhabu ilitolewa kwa kipimo cha chumvi. Côte d'Ivoire ilishindwa 3 kwa 1 hata hivyo.

Kisa cha Arjen Robben ni kizito zaidi, kwa kuwa kina ungamo. Tarehe 29 Juni 2014, Fortaleza, Uholanzi na Mexico zilikuwa sare 1 kwa 1 na dakika za nyongeza zikipita. Robben alianguka mbele ya mguu wa Rafael Márquez. Penalti ikatolewa, Huntelaar akafunga, Mexico ikatoka. Baada ya mchezo Robben aliomba radhi: katika kipindi cha kwanza, alisema, alijiangusha mara moja. Penalti ya mwisho, akaongeza, ilikuwa ya haki. Watu wa Mexico walichukua nusu ya kwanza ya maneno yake na kuitupa nusu ya pili, na ni vigumu kuwalaumu. Lakini mhakiki asiyekuwa Mmexico aweza kuyakubali yote mawili. Mtu yule yule, katika mchezo ule ule, alijiangusha mara moja na akaangushwa mara nyingine, na mwamuzi alitakiwa kuzisoma anguko mbili za mwili mmoja kana kwamba hazijuani. Sifa ya mtu haikubaliwi katika sheria kuwa ushahidi. Katika masikio ya mtangazaji ndiyo ushahidi wa kwanza.

Watu wa sheria walipojaribu kulipima kusudi kwa utulivu, mezani, bila kelele za uwanja, hawakufaulu sana. Agosti 2009 Eduardo da Silva wa Arsenal alianguka mbele ya mlinda mlango wa Celtic, akapata penalti. Shirikisho la Ulaya lilitazama picha, likamfungia michezo miwili kwa kumdanganya mwamuzi. Mwezi uliofuata rufaa ilikubaliwa na adhabu ikafutwa, kwa kuwa haikuthibitika kwa kiasi cha kuridhisha kwamba mwamuzi alidanganywa. Watu wazima, wenye picha za kila upande na siku kadhaa za kufikiri, walishindwa kutia muhuri juu ya neno ambalo mtangazaji hulitoa katika nukta moja.

Itasemwa kwamba siku hizi iko mashine. Msaada wa video kwa waamuzi uliingia katika sheria za mpira mwaka 2018, na wengi walitumaini kwamba ungekomesha ubishi. Yapo maswali ambayo picha yaweza kuyajibu, kama mpira umevuka mstari au haukuvuka, ingawa hata hapo si kila picha hutosha. Mashabiki wa Yanga hawajasahau tarehe 5 Aprili 2024 mjini Pretoria, shuti la Stephane Aziz Ki lilipogonga mwamba likadunda chini, na bao likakataliwa hata baada ya video kuangaliwa. Mamelodi Sundowns ikapita kwa matuta, 3 kwa 2. Ubishi ule, pamoja na uchungu wake wote, ulikuwa juu ya mahali pa mpira. Kitu kilikuwapo au hakikuwapo. Kamera bora zaidi ingeumaliza.

Kamera bora zaidi haimalizi ubishi wa anguko, pengine huuchochea. Picha ikipunguzwa mwendo, kidole kilichogusa bega huonekana kama mkono uliosukuma, na anguko la nusu nukta huwa safari ndefu yenye nafasi ya kutafakari. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2016 ulionyesha kwamba watu wanaotazama tendo kwa mwendo wa pole huona kusudi ndani yake zaidi kuliko wanaolitazama kwa mwendo wake wa kweli. Watunga sheria za mpira wanalijua hilo: maelekezo yao yasema mwendo wa pole utumike kwa mambo kama mahali palipoguswa, na mwendo wa kawaida utumike kupima ukali wa tendo. Sasa kijana wa Ngombezi mwenye simu aweza kulirudia anguko moja mara 20 chini ya mwembe. Baba yake alikuwa na kitenzi kimoja tu kupitia redio. Si hakika kwamba mwana amekaribia zaidi kuliko baba.

Iko mifano, ni kweli, ambapo amejiangusha ni neno dogo mno. Tarehe 3 Septemba 1989, katika uwanja wa Maracanã, Chile ilikuwa nyuma kwa bao moja mbele ya Brazil fataki ilipotupwa kutoka jukwaani. Mlinda mlango Roberto Rojas akaonekana chini, damu usoni, na wenzake wakambeba nje wakakataa kurudi. Baadaye ikajulikana kwamba fataki haikumgusa. Alijikata mwenyewe kwa wembe aliouficha katika glavu. Alifungiwa maisha, na kifungo hicho hakikuondolewa hadi mwaka 2001. Chile ikazuiwa kushindania Kombe la Dunia la 1994. Wale waliosema usiku ule kwamba Rojas amepigwa na fataki walikuwa na damu mbele ya macho yao, na walikosea. Ushahidi ulioitegua hila hiyo ulikuwa picha zilizoonyesha fataki ilipoanguka, yaani mahali pa kitu, si moyo wa mtu.

Basi mtangazaji afanye nini? Hawezi kunyamaza mpaka kipyenga kilie, maana redio iliyonyamaza ni redio iliyoharibika. Wala hatakiwi kukikimbia kitenzi cha kutendwa pale alipoona waziwazi mguu wa beki ukimkata mtu kwa nyuma; hapo kusema ameanguka ni woga, na pengine ni upendeleo uliovaa kanzu ya uadilifu. Ufundi umo katika kutoa vitu kabla ya kutoa nia: mpira ulikuwa wapi, mguu wa beki uliingia kutoka upande gani, mikono ya mshambuliaji ilipanda kabla ya mguso au baada yake, refa yu mbali kiasi gani na ameziba macho na nani. Msikilizaji akipewa hayo aweza kubisha kwa haki. Watangazaji wazuri wa redio, wale waliofanya kazi kabla ya televisheni, walilazimika kuyasema mengi ya hayo kwa kuwa hakuna aliyeyaona. Ni watangazaji wa televisheni, ambao picha imewaondolea mzigo wa kueleza, waliobaki na hukumu tupu mdomoni.

Kwamba maelezo ya namna hiyo hayana moto, si kweli. Moto wa mpira umo katika kungoja. Mtangazaji anayesema "Beki amenyosha mguu, mpira umekwisha pita, ameanguka, refa anakimbia kuelekea pale na mkono wake bado uko chini" amewashika wasikilizaji wake pumzi kwa muda mrefu kuliko yule aliyepiga kelele "Amejiangusha!" na kumaliza mambo. Kisha kipyenga hulia, na uamuzi unapotolewa huwa ni wa mwamuzi, naye ndiye anayelipwa kuutoa na anayetukanwa kwa ajili yake.